Alichokiona Sadalla Bafuni

Sadalla aliviona Ijumaa asubuhi, bafuni, alipokuwa akinyoa kinena kujiandaa na sala. Vilikuwa vitatu, upande wa kushoto, pale ngozi inapokunjana na paja. Vidogo, vya mviringo, rangi ile ile ya ngozi ila vinang'aa kidogo, na kila kimoja kina kibonyeo katikati kama kilichoguswa kwa ncha ya msumari. Alivibonyeza. Havikuuma. Havikuwasha. Hilo ndilo lililomtisha, maana jipu analijua na vipele vya joto anavijua, na vyote hivyo humsumbua mtu. Hivi vilikaa tu, kimya.

Akamalizia kunyoa juu yake, akaoga, akavaa kanzu, akaenda msikitini. Khutba nzima hakusikia neno.

Alikuwa seremala wa miaka arobaini na mmoja, karakana yake iko Pangani mjini, si mbali na kivuko cha Bweni. Milango yake ilikuwa na jina. Hata wenye mahoteli ya Ushongo walimtuma mtu ng'ambo ya mto kumtafuta. Mkewe, Mwanakhamis, alikuwa mzaliwa wa Wete, Pemba. Walikuwa na miaka kumi na miwili ya ndoa na mtoto mmoja wa kike, Khairat, aliyekuwa na miaka saba.

Katika miaka hiyo Sadalla alikwishamwacha mkewe mara mbili. Talaka ya kwanza ilitoka mwaka wa pili, kwa maneno ya mama yake Sadalla, ambaye sasa ni marehemu. Ya pili ilitoka miaka minne iliyopita, kwa hasira za simu isiyopokewa. Mara zote mbili alimrejea kabla eda haijaisha. Safari ya pili kaka yake Mwanakhamis, Abdulla, alivuka kutoka Wete akasema mbele ya watu, "Shemeji, imebaki moja. Ukiitoa hiyo usitufuate tena." Sadalla aliapa kwamba hiyo atakufa nayo.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, ambalo halikujulikana na mtu. Miezi miwili na nusu kabla ya Ijumaa ile alikwenda Muheza kuchagua mbao za mtiki, mvua ikamzuia siku mbili. Karibu na kiwanda cha mbao palikuwa na mjane aitwaye Yudith, mpishi wa wapasua mbao. Alikuwa mcheshi, naye Sadalla alikuwa mbali na kwao. Ilitokea mara moja. Aliporudi Pangani alioga josho la janaba, akatubu, akajiambia limekwisha.

Sasa, akiwa amekaa juu ya benchi la kazi na randa mkononi, alijua kwamba halikwisha.

Alitafuta kwenye simu. Aliandika maneno kwa woga, akifuta na kuandika tena, na picha zilizokuja zilimfanya aizime simu na kuiweka kifudifudi kwenye maranda. Nyama zilizoota kama koliflawa. Vidonda. Watu waliokonda. Hakuna picha iliyofanana na vipele vyake, lakini hakuliona hilo. Aliona tu kwamba huko ndiko anakokwenda.

Jumatatu alikwenda duka la dawa. Muuzaji alikuwa Tahiri, waliyesoma naye chuo kimoja cha Kurani utotoni.

"Kuna rafiki yangu ana vipele," Sadalla alisema. "Sehemu hizi za... za joto."

"Vinawasha?"

"Aa. Haviwashi."

"Vina usaha? Vidonda?"

"Sijui, Tahiri, si mimi. Nipe poda tu."

Tahiri akampa poda, akamtazama, akasema taratibu, "Huyo rafiki yako mwambie aende akaonyeshe. Siku hizi kuna dawa ya karibu kila kitu."

Sadalla aliichukua poda akatoka bila kuaga. Toka siku hiyo alizunguka njia ya nyuma ili asipite mbele ya lile duka.

Ijumaa iliyofuata alinyoa tena, kwa wembe ule ule. Vilikuwa tisa. Wiki moja baadaye hakuvihesabu. Vilikwishapanda kinena chote, na viwili vilikuwa mahali ambapo mwanamume hapendi hata kupafikiria. Aliegemea ukuta wa bafu mpaka Khairat akagonga mlango akisema amebanwa.

Alihama chumba. Alimwambia mkewe mgongo umemshika, anataka kulala chini, akatandika mkeka ukumbini. Taulo lake alilificha. Alikula kidogo. Mtoto alipotaka kumrukia mapajani, alimsukuma, kisha akaenda karakana akakaa peke yake na aibu ya kumsukuma.

Mwanakhamis alivumilia wiki tatu. Hakuwa mwanamke wa makelele. Alikuwa mshonaji, na alikuwa na tabia ya kukitazama kitambaa muda mrefu kabla ya kutia mkasi. Alasiri moja, Khairat yuko chuoni, alizima cherehani akamfuata mumewe uani.

"Baba Khairat, una nini?"

"Si nilikwambia. Mgongo."

"Mgongo haumfanyi mtu akafua nguo zake za ndani kwa mafichoficho. Toka nije nyumba hii hujafua hata leso."

Sadalla alikaza kikoi kiunoni.

"Nionyeshe," alisema Mwanakhamis.

"Nikuonyeshe nini?"

"Hicho unachokificha. Mie mkeo. Nimekuuguza homa, nimekuosha ulipoanguka paani. Nionyeshe."

Labda ni uchovu. Alilegeza kikoi. Mwanakhamis akachuchumaa mbele yake, pale uani karibu na pipa la maji, akatazama kwa makini kama anavyotazama kidonda cha mtoto.

"Vinauma?"

"Haviumi."

"Toka lini?"

"Mwezi."

"Mwezi mzima, na weye peke yako." Alisimama, akajifuta mikono kwenye kanga. Sauti yake haikuwa na hasira. "Basi twende hospitali. Mie na weye. Kama hapa unaona haya, twende Tanga, kule hospitalini hatujulikani. Tutapimwa wote wawili, tujue tunalo nini."

Sadalla alikifunga kikoi upesi. Aliwaona wawili wao wamekaa mbele ya meza ya daktari. Alisikia swali litakaloulizwa, na akamwona Mwanakhamis akigeuza uso kungoja jibu. Hakuweza kukaa kwenye kiti kile. Akatafuta pa kutokea, akaona mahali pamoja tu.

"Mimi najijua," alisema. "Nisiyemjua ni wewe. Kila mwezi Tanga, kwa shangazi yako Mboni. Unakwenda mzima, na mimi huku ndiye naota haya. Umeniletea nini?"

Mwanakhamis alimtazama kama mtu aliyemwagiwa maji usoni.

"Sadalla," alisema. Miaka yote hiyo hakuwahi kumwita kwa jina. "Lirudishe hilo neno."

"Silirudishi."

"Unajua unanituhumu nini?"

"Najua. Na nyumba hii sikai na mwanamke wa namna hiyo. Nimekuacha."

Pipa la maji lilikuwa likidondosha matone. Mwanakhamis alivuta kanga akajifunika kichwa, kama afanyavyo mbele ya mwanamume asiye wake.

"Umemaliza?" aliuliza.

Aliingia ndani. Khairat aliporudi kutoka chuoni alimkuta mama yake akikunja nguo. Walilala kwa jirani, na asubuhi wakapanda gari la Tanga, mtoto akiwa ameshika begi la shule, akidhani ni safari ya siku mbili.

Siku ya sita Abdulla alipiga simu. Hakuamkia.

"Dada yangu amepimwa," alisema. "Shangazi Mboni kampeleka mwenyewe, maana ulivyomtia doa ilibidi asafishwe. Kafunuliwa mbele ya watu asiowajua, kwa ajili yako. Damu imepimwa, mwili umetazamwa. Hana kitu. Umesikia? Hana kitu."

"Nimesikia."

"Kesho kutwa anavuka kuja Wete na mtoto. Wewe nenda kaulize vyako ulivipata wapi."

Simu ikakatika. Ilikuwa saa sita mchana, karakana ina joto, na fundi mwenzake Lucas alikuwa ametoka kupeleka fremu ya dirisha. Sadalla alifunga mlango. Katika kona, nyuma ya makopo ya vanishi, palikuwa na debe dogo la mafuta ya maganda ya korosho. Aliyanunua kwa akina mama wabangua korosho, akayapaka chini ya fremu za milango ili mchwa wasile. Alijua yanavyochuna ngozi. Kila fundi wa pwani huyashika kwa kijiti. Alijua pia kwamba zamani watu walikuwa wakiyatia kwenye chunjua za vidole, zikakauka na kudondoka.

Hakutumia kijiti. Alichovya kitambaa, akajipangusa kinena chote.

Mwanzoni haikuwa chochote, ubaridi tu wa mafuta. Akaketi kwenye benchi akingoja, akajisikia ahueni ya ajabu, kama mtu aliyekwishalipiza kisasi. Kisha joto likaanza. Likazidi. Akainuka, akamwaga maji ya ndoo, maji yakayatembeza mafuta mpaka mapajani na chini zaidi. Adhana ya alasiri ilimkuta amelala juu ya maranda, ameuma pindo la shati lake.

Lucas, Mbondei wa Muheza aliyefanya naye kazi miaka tisa, alisukuma mlango kwa bega.

"Bwana weye! Umefanya nini?"

"Mafuta ya korosho."

"Yamekumwagikia?"

Sadalla alitikisa kichwa. Lucas alitazama kitambaa, akatazama debe, akafahamu zaidi ya alivyotaka kufahamu. Hakuuliza tena. Alimfunga shuka kiunoni, akamwinua kwa makwapa, akaita bajaji.

Hospitalini walimpa chumba chenye pazia. Daktari aliyeingia alikuwa msichana, Najat, pengine wa miaka ishirini na saba, kajitanda hijabu ya kijivu. Alimkuta amelala chali, shuka limefunuliwa, malengelenge yamevimba na mengine yamekwishapasuka. Akamwamkia kwanza.

"Shikamoo, baba."

Sadalla aliitikia marahaba huku akiufunika uso kwa mkono. Katika yote ya siku ile, hiyo ndiyo ilimtoa machozi.

Daktari alisafisha muda mrefu. Upande wa kulia, ambako mafuta hayakufika vizuri, vilibaki vipele vichache vizima. Alileta taa, akavitazama.

"Hivi ndivyo ulivyokuwa ukivichoma?"

"Ndiyo."

"Vina muda gani?"

"Miezi miwili, inakaribia."

"Na umekuwa ukinyoa?"

"Kila Ijumaa."

"Wembe ndio umevitawanya." Alizima taa, akavuta kiti. "Baba, hivi ni vipele vya virusi vya ngozi tu. Haviingii kwenye damu, haviui. Watoto wanavipata mno, usoni, mikononi. Kwa mtu mzima vikikaa huku, mara nyingi ni kwa kulala na mtu aliye navyo. Lakini hata taulo la kushirikiana linaweza. Ungeviacha, vingeondoka vyenyewe, miezi sita, mwaka. Au ungekuja, tukavitoa kimoja kimoja."

Sadalla aliondoa mkono usoni. "Kwa hiyo huwezi kuniambia vimetoka wapi."

"Siwezi. Hakuna kipimo cha kuniambia hivyo." Alisita. "Ila tutapima damu. Kaswende na virusi vya ukimwi. Una mtu wa nje?"

Pazia lilikuwa jembamba na Lucas alikuwa upande wa pili. Sadalla alisema, "Nilikuwa naye. Mara moja. Inapata miezi minne sasa."

"Na mke?"

"Amepimwa. Hana kitu."

"Vizuri, lakini vinaweza kuchukua miezi kujitokeza. Aangaliwe tena baadaye. Mwambie."

Majibu ya damu yalikuja kesho yake. Hakuna kaswende, hakuna ukimwi. Muuguzi alimpa cheti akatabasamu, akisubiri kuona furaha ambayo wagonjwa wote huwa nayo. Sadalla alikisoma mara tatu. Mwezi mmoja kabla, kikaratasi kile kingemwokoa.

Alilazwa siku kumi na moja. Sele, jirani yao wa msikitini, alikuja kumtazama, akasikia habari ya talaka, akamnong'oneza, "Wako masheikh wanasema talaka ya mtu aliyepagawa na hasira haihesabiki. Nenda kwa Sheikh Hamad. Mwambie ulikuwa hujitambui, ulikuwa mgonjwa. Si uongo hasa. Utamrudisha mkeo."

Sadalla alilishika neno hilo. Alilipanga kitandani, akalirudia kama mtoto anayehifadhi sura. Nilikuwa sijitambui. Sikumbuki nilichosema. Alipoweza kutembea, miguu imeachana kama ya mtu aliyetahiriwa juzi, alikwenda.

Sheikh Hamad alimkalisha kwenye mkeka barazani kwake. Alisikiliza yote: mara ya kwanza, mara ya pili, na ya tatu. Hakumkatiza.

"Nakuuliza swali moja," alisema mwisho. "Mimi nahukumu kwa utakaloniambia; la moyoni ni lako na Mola wako. Neno lile lilipotoka, ulijua unasema nini?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Lakini alichokiona ni Mwanakhamis akijifunika kanga kichwani, na akakumbuka kwamba alikuwa amechagua. Alisimama pale uani akaona njia mbili, akachagua hii. Kama angemrudisha kwa uongo, ingebidi waishi na uongo wa aina mbili katika nyumba moja, na wote wake.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua."

"Nilijua kabisa. Nilitaka asiulize swali. Nikamfukuza ili asiulize."

Sheikh Hamad alishusha pumzi. "Basi hakuna kurejea, mwanangu. Si wako tena, mpaka aolewe na mume mwingine kwa ndoa ya kweli, na hiyo nayo ivunjike kwa njia yake. Usiombe wala usipange hilo. Mpe haki zake na za mtoto."

Jioni hiyo alimpigia Mwanakhamis. Alidhani hatapokea, lakini alipokea, na nyuma yake kulisikika watu wakipepeta mpunga.

"Nina mambo mawili," Sadalla alisema. "Daktari anasema uangaliwe tena baada ya muda, vinachelewa kutoka. Na la pili." Alikwama. "Nililala na mwanamke Muheza. Kabla ya vipele. Wewe huna kosa lolote. Nimemwambia kaka yako pia, kabla ya kukupigia wewe. Nimemwambia awaambie wote waliokusikia ukitajwa."

Kupepeta kuliendelea. Alisubiri matusi, akiyataka.

"Na huyo mwanamke," Mwanakhamis alisema baadaye, "umemwambia akapime?"

"Bado."

"Mwezi wa ngapi huu, na bado hujamwambia." Sauti yake ilikuwa imechoka. "Mwambie. Naye ana mwili."

Akakata.

Sadalla alimtuma Lucas, aliyekuwa akienda kwao Muheza, amfikishie Yudith habari. Lucas hakupenda, lakini alikwenda. Alirudi na jibu fupi: Yudith kapimwa, mzima, hana kipele hata kimoja, na asitumiwe salamu tena. Kwa hiyo hata huko hakukuwa na jibu. Walikuwa watu watatu, wawili hawana kitu, na yule aliyewashuku wengine ndiye pekee aliyekuwa navyo.

Vile vilivyosalia upande wa kulia viliondoka mwezi wa kumi, vyenyewe, kama daktari alivyosema. Asubuhi moja alivitafuta asivione; hakujua viliondoka siku gani. Upande wa kushoto ngozi ilishikana, imekuwa ngumu na nyeupenyeupe, inamvuta akipiga hatua ndefu. Daktari Najat alimwambia itabaki hivyo. Haja nyingine za mwanamume zinaweza kurudi, alisema, awe na subira. Sadalla hakuuliza lini.

Mwezi wa kumi na mbili Khairat alipiga kwa simu ya mjomba wake. Alisema shule ya Wete ina mwembe uwanjani, na wenzake wanamcheka akisema 'wewe' badala ya 'weye' kama wao. Alisema pia, katikati ya mengine, kwamba kuna bwana mwenye shamba la karafuu amekuja mara mbili na babu amechinja kuku.

"Ni mtu mwema?" Sadalla aliuliza.

"Sijui. Ananiletea biskuti. Baba, nataka viatu vya shule. Hivi vinanibana."

"Nitakuletea kwa boti. Unavaa namba ngapi siku hizi?"

"Sijui. Ngoja nimuulize mama."

Simu iliwekwa juu ya kitu. Sadalla akaibana sikioni kwa mikono miwili, akasikia nyayo za mtoto zikienda, na mbali, ndani ya nyumba asiyoijua, sauti ya Mwanakhamis ikitaja namba.